Neno la Kumi

Fishl Grinblat hakuwa mtu wa kuandikwa. Angenikuta nimeanza hivi angesema, "Hinde, karatasi ina bei, andika orodha ya sokoni." Lakini amekufa, na maiti hana pa kubishia, kwa hiyo nitamwandika nitakavyo. Isitoshe, humu ndani mna jambo langu mimi. Nimelibeba tangu majira ya baridi ya mwaka themanini na saba na limenichosha.

Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha sweta kule Brunswick, mpaka mgongo ukamkataa. Mkewe, Perl, alitangulia mapema, na watoto hawakujaliwa. Alikaa chumba kimoja na jiko juu ya duka la fundi viatu, pale Carlton, hatua mia mbili kutoka sinagogi yetu. Sinagogi yenyewe ilijengwa kwa ajili ya watu themanini. Mwaka huo tulikuwa tukiamka na watu kumi na wawili, siku nyingine kumi na mmoja. Wenzetu wote walishahamia ng'ambo ya mto, kwenye nyumba zenye bustani na sinagogi zenye mazulia. Tuliobaki Carlton tulikuwa wazee, wakaidi na wasio na magari.

Rabi hatukuwa naye kwa miaka tisa. Tulikuwa na Fishl. Yeye ndiye aliyefungua mlango, aliyeamua nani aitwe kusoma Torati, na aliyehesabu. Mimi nilikuwa na ufunguo wa pili. Nilifika kabla yao, nikawasha hita ya gesi, nikakata mkate mweusi na samaki wa chumvi kwa ajili ya chai ya baada ya sala, kisha nikaenda kukaa nyuma ya pazia, mahali petu wanawake. Nasema petu, lakini siku za wiki nilikuwa peke yangu. Nilisali, nikaitikia amina, na sikuhesabika. Sheria ni sheria. Wanaume kumi wakiwapo sala ya pamoja inaanza, na anayeomboleza anaweza kusimama kusema Kadishi, sala ya kumkumbuka marehemu wake. Wakiwa tisa, hata wawe watakatifu tisa, kila mtu anasali kivyake na Kadishi inabaki kooni.

Sasa, sisi watu hatuwahesabu kwa namba. Ni mkosi, ukimwambia mtu "wewe ni wa saba" ni kama umemwonyesha kwa kidole malaika wa mauti. Kwa hiyo anayehesabu huchukua aya moja ya Zaburi yenye maneno kumi, anamwekea kila mtu neno moja. Neno la mwisho likipata mtu, mmetimia. Watu wengine huisema tu. Fishl aliiimba.

Wimbo huo ulikuwa wa baba yake, aliyekuwa msimamizi wa sinagogi katika mji mdogo karibu na Lublin. Kutoka mji ule Fishl hakutoka na picha, wala kijiko, wala mtu mwingine yeyote. Alitoka na wimbo. Ulianza chini, ukapanda pole pole kama mtu mwenye mzigo, halafu mwishoni, pale Zaburi inaposema "hata milele", ukateremka kwa mkupuo mmoja. Aliuimba akinawa mikono, akipanda ngazi, akingoja tramu. Nilimwuliza mara moja kama hachoki nao. Akaniambia, "Hinde, Mungu wa milimani mimi simjui. Ninayemjua ni wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na huyo ndiye anayekuja nikiuimba." Sikumcheka. Mimi mwenyewe yule wa milimani nilishamwacha hukohuko Ulaya.

Kitu chake cha pili kilikuwa daftari. Kila jioni kabla ya chakula aliandika kwa Kiyidi majina ya waliokuja asubuhi, na baada ya majina, sentensi moja au mbili za kile alichokiona. "Leibish amevaa soksi za rangi mbili. Asante." "Mvua imevuja juu ya kiti cha marehemu Zanvl, kana kwamba anakitaka. Asante." Kila siku aliishia na asante, hata siku ambazo hakuna mwenye akili timamu angeshukuru. Alikuwa na madaftari kumi na tisa ya namna hiyo chini ya kitanda.

Anshel Kupferman alikuja kwetu mwezi wa Agosti wa mwaka themanini na sita. Alikuwa mkata nguo, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na tangu vita viishe hakuwa ameingia sinagogi hata siku ya toba. Binti yake wa pekee, Rhonda, alikuwa amekufa kwenye ajali ya gari, barabara kuu ya kwenda Sydney, mvua ikinyesha. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Alikuwa akiishi na mpiga gitaa mmoja asiye Myahudi, na kwa ajili hiyo baba na binti hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili.

Kwa mtoto, mzazi hutakiwa kusema Kadishi siku thelathini tu. Fishl alimweleza hivyo.

"Thelathini ni za watu waliokuwa wakiongea na watoto wao," Anshel alijibu. "Hakuacha mtoto wa kumsemea. Nitasema mimi, yote, miezi kumi na moja."

"Kila siku, Bwana Anshel? Ni saa kumi na mbili na nusu, na baridi yetu unaijua."

"Mimi baridi nilishaonja ya Siberia. Hii yenu ni feni."

Leibish, mzee wetu kuliko wote, asiyesikia sikio la kushoto, akasema, "Karibu, ndugu. Ukae upande huu wangu, ili ukikosea nisisikie." Na alikosea kweli, wiki za mwanzo. Aliyasoma maneno kama mtu anayekata kitambaa asichokijua. Kufikia Desemba alikuwa anayasema akiwa amefumba macho. Kadishi haitaji kifo hata mara moja. Ni kumsifu Mungu tu, na kuitikiwa na waliopo. Bila wa kuitikia ni kelele. Nadhani hilo ndilo lililomshika Anshel: kusema kitu kuhusu mwanawe na kuwasikia watu wakijibu "amina" badala ya kugeuza uso.

Baada ya Pasaka tukapungua. Mmoja alihamia kwa binti yake kule Caulfield, mmoja akalazwa na hakutoka, mwingine akavunjika nyonga. Ndipo hesabu ikawa jambo la kila asubuhi. Fishl alisimama karibu na meza ya kusomea, akaimba wimbo wa baba yake akiwaelekea mmoja mmoja kwa kidevu. Akamalizia na yeye mwenyewe, mkono kifuani. Neno la mwisho lilipompata yeye, alipiga meza kwa kiganja na sala ikaanza.

Mimi niko nyuma ya pazia. Pazia lina tundu la nondo upande wa dirisha, na mimi nina macho. Wiki ya pili baada ya Pasaka, siku ya Jumanne, nilitazama kupitia tundu lile nikawahesabu. Kwa namba, Mungu anisamehe, kama anayehesabu mayai. Walikuwa tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Fishl alikuwa ameimba, wimbo umeisha, meza imepigwa, na Anshel amesimama amefumba macho anasema.

Nilifikiri pengine kuna mtu chooni. Kesho yake tena ni tisa. Wakati wa chai nikamsogelea Fishl nikamwuliza taratibu, "Leo mlikuwa wangapi?"

Hakugeuka hata. "Hinde, wewe angalia samaki."

Basi. Nikaangalia samaki. Miaka kumi na minne nimewasha hita yao, nimeosha bilauri zao, nimewaitikia amina zao kutoka nyuma ya kitambaa, na sikuwahi kuhesabika. Nikajiambia, kama mimi sihesabiki, na mimi sihesabu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya pili sikujipa ila baadaye: ningesema ni tisa, wangerudi nyumbani. Wangerudi leo, wangerudi kesho, kesho kutwa mlango ungefungwa kwa kufuli, na mimi ningebaki na redio jikoni kwangu mpaka nife. Nilinyamaza kwa hasira na nikanyamaza kwa woga, na kila siku iliyopita ilifanya ya kesho yake iwe nyepesi kidogo.

Miezi kumi na moja ya Anshel ilitimia mwezi wa Julai. Alileta chupa ya wiski na keki ya asali aliyoinunua, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwokea. Wakanywa wote kumtakia binti yake mapumziko mema. Uso wake ulikuwa umefunguka. Nilimwona akitabasamu Leibish alipolalamika kwamba bilauri yake ina tundu. Kisha akamgeukia Fishl.

"Wanasema unaandika kila siku."

"Naandika upuuzi."

"Mwaka huu mimi siukumbuki. Nilitembea kama mtu aliyelala. Ninakilie, nakuomba, hizo siku zangu. Nataka nijue nilikuwa wapi."

Fishl alifurahi kama bwana harusi. Hakuna mtu aliyewahi kuyataka madaftari yale. Akanunua daftari jipya lenye jalada gumu, akaanza kunakili kwa mwandiko wake mzuri, siku kwa siku.

Jumapili ya tatu aligonga mlango wangu. Hakuwahi kuja kwangu bila kualikwa. Alikuwa na daftari kwapani na hakuvua kofia.

"Soma hapa," akasema, akalilaza mezani.

Nikasoma majina ya Jumatano moja ya Mei.

"Ni wangapi hao?"

"Sisi watu hatuwahesabu, Fishl."

"Hinde."

"Tisa," nikasema.

Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Alikuwa ameweka vipande vya uzi wa sufu kwenye kila siku ya namna hiyo, na nyuzi zilikuwa nyingi. Akakaa. Akaweka mikono yote miwili juu ya kitambaa cha meza, vidole vimetawanyika, akaanza kuimba wimbo wa baba yake pole pole, akikunja kidole kimoja kwa kila neno. Ukapanda, ukapanda, halafu ukateremka kwa mkupuo pale kwenye "hata milele". Wimbo ukaisha. Kidole chake kidogo cha kulia kilikuwa bado kimesimama.

Akaimba mara ya pili, mara ya tatu. Kidole kilikuwa palepale. Maneno mawili ya mwisho, katika wimbo ule, humezwa kwa pumzi moja na kuwa kama neno moja.

"Baba alihesabu hivi miaka arobaini," akasema.

"Baba yako alikuwa na watu mia chumbani. Wangepungua watano nani angejua?"

"Hakuna aliyewahi kusimama kwenye neno la kumi," akasema, lakini hakuwa akiniambia mimi. Kisha akaniangalia. "Wewe uliniuliza kitu siku moja. Baada ya Pasaka. Ulijua?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Mtu ameketi mezani kwangu, kofia kichwani, kidole kimesimama, ananiuliza swali moja.

"Ningejuaje?" nikasema. "Mimi niko nyuma ya pazia."

Akaniamini. Kuniamini kwake ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Alimpigia simu rabi mmoja wa ng'ambo ya mto. Rabi alimwambia kosa lililofanyika kwa moyo safi mbinguni wanajua kulifuta, na kwamba asimwambie kitu yule baba. Mimi nikamwambia hivyohivyo kwa lugha yetu ya kawaida: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Fishl akatikisa kichwa.

"Ameniuliza alikuwa wapi mwaka mzima, Hinde. Nimpe karatasi ya uongo?"

Anshel alikuja kulichukua daftari siku ya Alhamisi, baada ya wengine kuondoka. Nilikuwa nafuta meza. Fishl alimweleza yote bila kujitetea, wimbo, maneno mawili, nyuzi za sufu. Anshel alisikiliza amekunja mikono.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Arobaini na tatu."

"Basi nitazirudia. Naanza kesho."

"Huwezi, Bwana Anshel." Sauti ya Fishl ilikuwa imeshuka. "Miezi kumi na moja imepita. Unajua kwa nini tunaishia hapo."

Anajua, kila mtu kwetu anajua. Mwovu huhukumiwa miezi kumi na miwili. Kwa hiyo tunakomea kumi na moja, mtu asije akadhani kwamba marehemu wetu alihitaji mwaka mzima. Baba anayeendelea kusema Kadishi baada ya hapo anatangaza mbele ya watu kwamba mwanawe alikuwa mwovu.

Nilikuwa nimesimama na kitambaa mkononi, sikuthubutu kukikamua.

"Neno hilo nilishamwambia," Anshel akasema. "Mwovu. Alisimama mlangoni kwangu na koti la mvua, nikamwambia wewe ni mwovu, nikafunga mlango. Hakusikia lingine kutoka kwangu. Mimi sikuja hapa kumtafuta Mungu wako, Fishl. Nilikuja kulirudisha neno lile, kila asubuhi kidogo. Sasa unaniambia siku arobaini na tatu nilikuwa naongea na ukuta, na nikitaka kulirudisha lililobaki, lazima nilitamke upya."

"Nisamehe," Fishl akasema.

Anshel akachukua kofia yake. Daftari lenye jalada gumu akaliacha mezani, karibu na chumvi. Hakuja kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Tangu siku ile Fishl hakuimba tena. Si kwenye ngazi, si kwenye bomba, popote. Sinagogi ikawa kama duka lililozimiwa redio. Hujui ulikuwa ukiisikiliza mpaka inyamaze. Kuhesabu, alipanga vitabu kumi vya sala kwenye kiti cha mlangoni na kumpa kila anayeingia kimoja. Kiti kikiwa kitupu, tumetimia. Kikibaki na kitabu, hapigi meza.

Naye akaanza kusema Kadishi. Leibish akamwuliza, "Nani amekufa?"

"Rhonda binti Anshel."

"Lakini miezi yake imekwisha."

"Imekwisha kwa baba yake. Mimi si baba yake, mimi ni yatima tu. Yatima akimsemea mgeni, nani atasema chochote?"

Na kweli hakuna aliyesema. Lakini sasa tulikuwa wanane, wakati mwingine saba, na siku isiyofika watu kumi aliiandika bila kuihesabu katika zile arobaini na tatu. Saa kumi na mbili alfajiri utamkuta kwenye kituo cha tramu, amevaa makoti mawili, anawauliza watu wanaokwenda kazini kama kwa bahati ni Wayahudi. Wengi walimpita. Mmoja alimtukana. Alimpata daktari wa hospitali ya karibu anayetoka zamu, dereva wa teksi mwenye asili ya Odessa, mwanasheria aliyesali akitazama saa. Kuna asubuhi alirudi peke yake, midomo imegeuka rangi, akakaa karibu na hita yangu akitetemeka.

"Utajiua, Fishl," nikamwambia.

"Bado ishirini na tisa," akanijibu.

Mara ngapi nilikaribia kumwambia? Nilikuwa na sentensi tayari. Niliifunga na kuifungua kama mkoba. Lakini kila nilipomtazama nilimwona mtu anayelipia kosa akidhani ni lake peke yake, na mimi nikamwongezea chai sukari. Sukari ndiyo toba niliyoiweza.

Mwezi wa Novemba, asubuhi ya joto la kwanza, mlango wa sinagogi ulikuwa umefungwa nilipofika. Nikajua. Nilipanda ngazi za fundi viatu nikamkuta ameegemea meza yake ya jikoni, amevaa koti moja, moyo umesimama wenyewe. Daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa wa jana yake. "Bado ishirini na sita. Daktari amekuja na viatu vya hospitali. Asante."

Marehemu asiye na ndugu, ni wajibu wa wanaume kumi kwenda kukaa nyumbani kwake siku saba za matanga, wasali humo. Siku ya maziko watu walikuwa wengi. Watu wa ng'ambo ya mto hupenda mazishi. Siku ya pili walikuja wanane, na Leibish akalia kwa aibu. Siku ya tatu mchana nilichukua daftari la mwisho, nikapanda tramu mbili, nikaenda kwa Anshel Kupferman.

Alifungua mlango nusu. "Nakala niliikataa."

"Si nakala. Ni lenyewe. Anza pale penye uzi wa bluu, alipoanza kumsemea binti yako."

Akalichukua, akafunga. Nikasimama kidogo pale kizingitini, mahali aliposimama yule binti na koti lake la mvua, kisha nikarudi.

Jioni hiyo chumba cha Fishl kilikuwa na joto. Kioo nilikuwa nimekifunika kwa shuka. Walikalia masanduku na vigoda, mayai ya kuchemsha juu ya sahani hayajaguswa. Ng'ambo ya mto walikuwa wameahidi kuleta watu watatu, wakaleta mmoja. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya mapaa ndipo Anshel alipoingia, daftari mfukoni mwa koti, akaenda kusimama ukutani bila kumtazama mtu.

Leibish akainuka kwa shida. "Leo tumhesabie kwa wimbo wake," akasema. "Nyumba yake, wimbo wake."

Akauimba. Hana sauti, na sikio lake moja halisikii, lakini miaka yote ile alikuwa ameushika kama ulivyo. Akawaelekea mmoja mmoja kwa kidevu. Ukapanda, ukapanda, ukateremka kwa mkupuo, na ulipoisha ulikuwa umemwangukia Anshel. Leibish akapiga meza kwa kiganja. Wote wakasimama. Anshel akafumba macho, akavuta pumzi.

Nilikuwa mlangoni pa jiko. Hapakuwa na pazia.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Fishl angesemewa Kadishi yake, Anshel angelia kidogo, wangekula mayai, wangekwenda zao wamepoa. Nilikuwa na ujuzi wa kutosha wa kunyamaza.

"Tisa," nikasema.

Leibish akageuza sikio zima. "Mama, wimbo umeisha."

"Wimbo umeisha lakini watu ni tisa. Mwishoni umemeza maneno mawili, kama alivyomeza yeye."

Wakatazamana. Mmoja akaanza kuhesabu kwa macho, midomo ikicheza. Anshel alikuwa amefumbua macho.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimehesabu."

"Umehesabu leo?"

Mikono yangu ilikuwa na unyevu wa mayai. Niliifuta kwenye aproni, pande zote mbili.

"Siku zote," nikasema. "Tangu wiki ya pili baada ya Pasaka. Pazia lina tundu. Nilijua wewe unaongea na ukuta, nikanyamaza. Fishl aliniuliza, nikamdanganya. Amekufa akidhani ni kosa lake."

Tramu ilipita chini, bilauri zikalia kabatini. Nilitamani anitukane. Alikuwa na neno tayari, analijua, alishalitumia mara moja, na safari hii lingempata mwenyewe. Niliona linafika mdomoni mwake. Akalimeza.

Wakaketi. Wakangoja wa kumi mpaka jua likazama na mwanga ukaondoka mezani, na wa kumi hakuja. Kila mtu akasali kivyake, kimya, na Kadishi ya Fishl Grinblat haikusemwa jioni ile. Kisha wakatoka mmoja mmoja bila kuaga, maana katika nyumba ya msiba hatuagani. Anshel alitoka wa mwisho. Akasimama kwenye ngazi, mgongo kwangu.

"Kesho uhesabu wewe," akasema. "Kwa namba."

Kesho yake nilikaa juu ya ngazi tangu saa kumi jioni, nikawahesabu walivyokuwa wakipanda, kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, kila mtu akaisikia namba yake. Anshel alikuwa wa kwanza. Walifika wanane.